Tathmini ya Wahl-O-Mat: je, huduma ya kulinganisha vyama inaweza kutuambia kama kweli vinatofautiana?

Kila msimu wa uchaguzi hurudi na usemi uleule, kwamba vyama vyote ni baba mmoja mama mmoja na kwamba mpiga kura huchagua rangi ya bendera tu. Majukwaani husikika usemi wa kinyume, tena kwa sauti kubwa zaidi: upande ule ukishinda nchi itaangamia, upande huu ukishinda itaokoka. Yote miwili ni rahisi kutamka na migumu kupima. Ndiyo maana huduma za mtandaoni zinazodai kupima umbali kati ya chama na chama zinastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu watu wengi sasa huzitegemea kabla ya kwenda kituoni. Ninayoitathmini hapa ni Wahl-O-Mat ya Ujerumani, na nitaipima kwa kuiweka kando ya huduma nyingine chache za aina yake.

Wahl-O-Mat inaendeshwa na Bundeszentrale für politische Bildung, taasisi ya serikali ya shirikisho inayoshughulikia elimu ya uraia, na imekuwapo tangu mwaka 2002. Wazo lilitoka Uholanzi, ambako StemWijzer ilianza mwaka 1989 ikiwa kijitabu kinachoambatana na disketi. Toleo la Wahl-O-Mat la uchaguzi wa bunge la Ujerumani wa mwaka 2021 lilitumiwa zaidi ya mara milioni 21, katika nchi yenye watu milioni 61 hivi wenye haki ya kupiga kura. Hata tukikumbuka kwamba mtu mmoja anaweza kuijaza zaidi ya mara moja, hiki si kitu cha wapenzi wachache wa siasa. Ni huduma ya umma ya bure, na matoleo ya chaguzi zilizopita yamehifadhiwa, hivyo mtu yeyote anaweza kurudi nyuma na kuyafungua.

Matumizi yake ni mepesi. Mtumiaji huonyeshwa kauli 38 fupi, moja baada ya nyingine, na kila moja huijibu kwa kukubali, kukataa, kubaki katikati au kuiruka. Baadaye huchagua kauli anazotaka zihesabiwe kwa uzito maradufu, huchagua vyama vya kulinganishwa navyo, kisha hupewa asilimia ya ulingano wake na kila chama. Nyuma ya asilimia hizo kuna ukurasa ambao watumiaji wengi huupita haraka, ingawa kwa maoni yangu ndio unaoifanya huduma hii iwe na thamani: maelezo ambayo kila chama kimeyaandika chenyewe kutetea jibu lake kwa kila kauli. Ukivichagua vyama viwili hasimu na kuyasoma maelezo yao sambamba, utagundua haraka ni wapi vinagombana kuhusu lengo, na ni wapi vinakubaliana kuhusu lengo huku vikigombana kuhusu mwendo wa kulifikia.

Namna ya kuyapata majibu hayo inastahili sifa. Kauli huandaliwa na kikundi cha wapiga kura vijana wakishirikiana na wanasayansi ya siasa na watakwimu, kisha vyama vyenyewe huulizwa misimamo yao. Hakuna mtu wa nje anayekisemea chama. Huduma nyingine, kama Kieskompas ya Uholanzi iliyoanza mwaka 2006, huwatumia wataalamu wanaosoma ilani na hotuba ili kumweka kila mshindani mahali pake. Njia hiyo ina faida ya kukibana chama kinachokwepa, lakini humwachia mtaalamu uamuzi ambao mtumiaji hawezi kuukagua kwa urahisi. Mimi napendelea chama kijisemee na kinukuliwe baadaye kwa maneno yake.

Usawa kwa vyama vidogo haukupatikana bila msukosuko. Mwezi Mei 2019, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, mahakama ya mambo ya utawala ya Cologne iliizuia huduma hii kutokana na ombi la chama kidogo cha Volt. Wakati huo mtumiaji aliweza kulinganishwa na vyama visivyozidi vinane kwa mkupuo mmoja, na mahakama iliona kwamba utaratibu huo uliviumiza vyama visivyojulikana, maana watu huanza na majina waliyokwisha kuyasikia. Pande mbili zilielewana baada ya siku chache, huduma ikarudi hewani, na leo mtu anaweza kuvilinganisha vyama vyote kwa pamoja. Ni marekebisho ya lazima, na yamebadilisha anachokiona mtumiaji: mara nyingi chama kinachotokea juu kabisa ni kile asichowahi kukifikiria.

Hapo ndipo asilimia zinapohitaji kuelezwa, kwa sababu watu huzisoma vibaya. Majibu yanayofanana hupata pointi mbili, jibu la katikati dhidi ya kukubali au kukataa hupata moja, na majibu ya kupingana hayapati kitu. Kwa kauli 38, jumla ya juu kabisa ni pointi 76. Sasa tumchukue mtu aliyebofya katikati kwa kila kauli, asiseme lolote kuhusu lolote: kwa kila chama atapata angalau pointi 38, yaani asilimia 50, na zaidi ya hapo kila mahali chama kilipojibu katikati pia. Kwa hiyo mtu anayeshtuka kuona asilimia 55 kwa chama anachokichukia hana sababu ya kudhani kwamba amegundua udugu uliofichika. Amepata kiasi kidogo tu zaidi ya kile cha chini anachokipata mtu asiye na msimamo wowote. Nimewahi kuona watu wakionyeshana matokeo ya namna hiyo kama ushahidi kwamba vyama ni vilevile, na inasikitisha kwamba ukurasa wa matokeo hauwasaidii kuelewa sakafu ya kipimo iko wapi. Mstari mmoja wa kuonyesha asilimia ambayo jibu la katikati tupu lingepata ungetosha.

Kasoro hiyo inarekebishika. Iliyo kubwa zaidi imo katika mpango wenyewe wa huduma, nayo inahusu swali letu moja kwa moja. Kauli zinazopelekwa kwa vyama ni nyingi kuliko zile 38 zinazochapishwa. Baada ya majibu kurudi, huchujwa, na kigezo kimojawapo cha kuchuja ni uwezo wa kauli kuvitenganisha vyama. Kauli ambayo vyama vyote vikubwa vimeijibu sawasawa haina kazi katika chombo kilichokusudiwa kumsaidia mtu kuchagua, hivyo huachwa. Kama msaada wa kuchagua, mantiki hiyo haina kosa. Lakini maana yake ni kwamba yale ambayo vyama vinakubaliana yameondolewa kabla mtumiaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Anayekuja kuuliza kama vyama vinatofautiana anapewa orodha ya tofauti zilizochaguliwa kwa sababu ni tofauti, naye huondoka akiamini kwamba amepima umbali wote, kumbe amepima ile sehemu ya barabara ambako washindani wameachana njia.

Tatizo hili haliko Ujerumani peke yake, wala haliko katika huduma za wapiga kura tu. Voteview, hifadhi ya kura zote za kuitwa majina za Bunge la Marekani tangu mwaka 1789, hutumia hesabu zilizobuniwa na Keith Poole na Howard Rosenthal kumpanga kila mbunge kwenye mstari. Michoro yake inaonyesha kwamba katikati ya karne ya 20 wabunge wengi wa Democratic na Republican waliingiliana, na kwamba katika karne hii makundi mawili yametengana kabisa. Ni kazi ya kuheshimika, na ninaitumia mara kwa mara. Hata hivyo hesabu hizo huziweka kando kura ambazo upande mdogo haukufikia asilimia 2.5, kwa sababu kura ya namna hiyo haina cha kusema kuhusu nani yuko wapi. Mwezi Septemba 2001 idhini ya kutumia nguvu za kijeshi ilipita kwa kura 420 kwa 1 katika Baraza la Wawakilishi, na 98 kwa 0 katika Seneti. Juu ya idhini hiyo ilijengwa vita ya Afghanistan iliyodumu miaka 20. Katika mchoro wa umbali kati ya vyama, uamuzi huo hauna uzito wowote. Mtu akitaka kujua kwa nini vita ile ilipita mikononi mwa marais wa vyama viwili bila sheria yake kuondolewa, mchoro wa mgawanyiko hautamwambia, kwa kuwa jibu liko miongoni mwa kura zilizowekwa kando.

Ili kuona hali ilivyo kipimo kikielemea upande mwingine, inafaa kuitazama The Political Compass, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Hii ina kauli 62, haina jibu la katikati, na humweka mtumiaji kwenye ramani ya mihimili miwili, mmoja wa uchumi na mwingine wa mamlaka dhidi ya uhuru wa mtu. Wagombea wakuu wa urais wa Marekani wa mwaka 2012, na tena wa mwaka 2020, waliwekwa wote katika robo moja ya ramani hiyo, ile ya kulia juu. Kwa anayeamini kwamba vyama ni vilevile, picha hiyo ni zawadi. Lakini ramani iliyonyooshwa vya kutosha kubeba kila itikadi ambayo binadamu amewahi kuwa nayo itawafanya washindani wowote wa nchi moja waonekane majirani, hata kama kwenye jambo linalomgusa mgonjwa au mfanyakazi mmoja anasema ndiyo na mwingine hapana. Zaidi ya hayo, msomaji haonyeshwi hatua kwa hatua jinsi kila mgombea alivyopewa nukta yake. Siipendekezi kwa kazi ya kulinganisha wagombea. Kwa kujichunguza mwenyewe, labda.

Basi huduma moja inasema wako mbali, nyingine inasema wako karibu, na zote mbili zimepima sawasawa kulingana na rula zilizoshika. Jambo linalokosekana katika zote mbili ni kile kinachotokea baada ya kura kuhesabiwa.

Ujerumani yenyewe ina mfano mzuri ajabu. Katika kampeni ya mwaka 2005, chama cha CDU na ndugu yake CSU vilisema waziwazi kwamba vingepandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 18. Chama hasimu chao, SPD, kilifanya kampeni kali ya kupinga nyongeza hiyo. Hapo kulikuwa na tofauti halisi, iliyotangazwa, ambayo mpiga kura angeweza kuipima kwa kauli moja: nakubali au sikubali. Matokeo ya uchaguzi yakawalazimisha mahasimu hao kuunda serikali ya mseto, na kuanzia Januari 2007 kodi ikawa asilimia 19. Aliyepigia kura nyongeza ya pointi mbili alipata tatu. Aliyepigia kura kutokuwapo kwa nyongeza alipata tatu vilevile. Hakuna asilimia ya ulingano ambayo ingemwonya yeyote kati yao, kwa sababu huduma hizi hulinganisha misimamo kana kwamba kila chama kitatawala peke yake. Katika nchi zenye desturi ya mseto, huo ni upungufu mzito, na ningependa kuona angalau kila chama kikiulizwa ni kauli zipi kati ya 38 hakiko tayari kuziachia mezani.

Pia kuna suala la wagombea. Wahl-O-Mat hukipa chama jibu moja kwa kila kauli, kana kwamba wabunge wake wote wana moyo mmoja. Tarehe 30 Juni 2017 bunge la Ujerumani lilipitisha ndoa ya watu wa jinsia moja kwa kura 393 dhidi ya 226. Kansela Angela Merkel alipiga kura ya kupinga, lakini wabunge 75 wa kundi lake la CDU na CSU waliunga mkono. Mpiga kura aliyelijali jambo hilo, kwa upande wowote ule, alihitaji kujua jina la mgombea wa jimbo lake, si jina la chama pekee. Katika hili smartvote ya Uswisi imeipita Wahl-O-Mat kwa mbali. Tangu mwaka 2003 imewauliza wagombea wenyewe, mmoja mmoja, maswali yanayofikia 75 katika toleo refu, na huchora msimamo wa kila mmoja kwenye mchoro wenye mihimili minane unaofanana na utando wa buibui. Michoro ya wagombea wawili wa chama kimoja ikiwekwa pamoja inaweza kuachana waziwazi, na michoro ya watu wa vyama jirani ikakaribiana. Mfumo wa Uswisi unaomruhusu mpiga kura kuchanganya majina ya orodha mbalimbali huyapa maarifa hayo matumizi ya moja kwa moja. Kasoro yake ni urefu: maswali 75 yanamtaka mtu aliyejiandaa, na mgombea mjanja hujua kwamba anajibu mbele ya hadhira.

Je, ahadi zinazojibiwa humo ni za kweli? Wasiwasi huu husemwa mara nyingi kuliko unavyochunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali ulipitia zaidi ya ahadi 20,000 kutoka kampeni 57 katika nchi 12, na ukaona kwamba vyama vinavyotawala bila kugawana madaraka hutimiza sehemu kubwa ya walichoahidi, na kwamba kugawana madaraka hupunguza utimizaji huo. Kwa hiyo tofauti zilizoandikwa kwenye ilani si maneno matupu kama wengi wanavyodhani. Tena, Uingereza inatuonyesha jinsi kufanana na kutofautiana kunavyoweza kukaa ndani ya ilani moja. Mwaka 1997 chama cha Labour kiliingia uchaguzini kikiahidi kushika mipango ya matumizi ya serikali ya Conservative kwa miaka miwili ya mwanzo, na aliyetaka kusema kwamba vyama ni vilevile alipata hoja ya kutosha hapo. Lakini ilani hiyohiyo iliahidi kima cha chini cha mshahara cha taifa zima, Conservative wakakipinga, sheria ikapitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Aprili 1999. Kwa mfanyakazi aliyekuwa akilipwa chini ya kiwango hicho, kufanana kwa mipango ya matumizi hakukufuta tofauti ile hata kidogo.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nirudi kwenye lile chujio la kauli. Conservative walipotawala tena hawakukifuta kima cha chini. Mwaka 2016 serikali yao ilianzisha kiwango cha juu zaidi kwa wafanyakazi wa kuanzia miaka 25. Kauli kuhusu kima cha chini, ambayo mwaka 1997 ingevitenganisha vyama hivyo kwa usafi kabisa, miaka 20 baadaye ingeachwa kwa kukosa ubishi. Kijana anayejaza dodoso lisilo na kauli hiyo hawezi kujua kwamba jambo analoliona la kawaida lilikuwa uwanja wa mapambano, wala kwamba upande mmoja ulishinda hoja kiasi cha kuufanya upande wa pili uichukue kuwa yake. Kufanana kwa vyama, katika hali kama hiyo, ni matokeo ya kutofautiana kwao kulikotangulia. Vilevile kuna kufanana kwa aina nyingine, kama kule kwa Septemba 2001, ambako hakukutanguliwa na mabishano yoyote ya maana. Aina hizi mbili zinapaswa kutofautishwa, na huduma inayozitupa zote kapuni hainyimi wasomi pekee, inamnyima raia.

Kwa anayetaka kujua achague nani, nampa Wahl-O-Mat alama ya juu bila kusita, kwa sharti kwamba asiishie kwenye asilimia. Ajaze, atie uzito maradufu kwenye mambo machache sana, kisha afungue vyama viwili vya juu pamoja na kile anachokiogopa zaidi, na asome maelezo yao kauli kwa kauli. Saa moja ya kazi hiyo itamfaa kuliko mikutano mingi ya hadhara. Anayeishi kwenye mfumo unaompa nafasi ya kuchagua mtu badala ya orodha, na ambako huduma ya mfano wa smartvote ipo, aanze na hiyo. Kwa anayetaka kujua kama vyama kweli vinatofautiana, alama inashuka hadi katikati, nayo itabaki hapo mpaka ukurasa mmoja uongezwe: kauli zote ambazo vyama viliulizwa, vikajibu, kisha zikaachwa, kila moja ikiwa na majibu ya vyama na sababu ya kuachwa kwake. Majibu hayo yamekwisha kukusanywa kwa fedha za umma, vyama vimekwisha kuyaandika, na hakuna utaalamu mpya unaohitajika ili kuyachapisha.